Pale Waya Ulipokuwa

Ukuta huu nimeishi nao miaka arubaini na mitatu
na leo ndiyo mara ya kwanza kuubishia hodi.
Ngo. Ngo. Hapa kuna mbao.
Dum. Hapa hakuna mtu.
Natia alama ya penseli, kama daktari
alivyokutia wewe alama ya wino pajani
asije akakosea mguu.

Nje, Thunder Bay imefunikwa na theluji ya Februari,
ziwa limeganda mpaka kwenye maghala ya nafaka.
Ndani, Rauno, mtoto wa dada yako,
ameing'ata tochi kwa meno
na kila akitaka kunishauri anaidondosha.

Uliniambia tangu Krismasi:
"Veikko, waya huo utaniua."
Nikasema kesho.
Mimi, fundi wa simu miaka thelathini na mmoja,
niliyepanda nguzo katika baridi inayovunja chuma
nikavuta waya porini, maili kwa maili,
ili watu wasikie kikohozi cha ndugu zao,
nilishindwa na mita mbili za waya mweusi
zilizokatiza mlango wa jikoni.
Kinyozi hajinyoi, sawa.
Lakini aliyekatika ni wewe.

Ulikuwa unaniletea kahawa.
Nilikuwa natazama hoki.
Nilisema, "Aune, angalia waya,"
na nilisema baada.

Basi nakata. Jasi inamwagika kama unga
juu ya zulia ambalo ungenikataza kulikanyaga na viatu.
Tundu la juu, nyuma ya runinga.
Tundu la chini, karibu na soketi.
Umeme nimeupa kijisanduku chake, sheria inataka hivyo:
umeme na njia yake, picha na njia yake,
kama mimi na mama yako mezani.

Nateremsha uzi wenye nati nchani.
Unashuka, unashuka, tik,
unasimama.
Navuta, naachia. Tik.
Kuna mbao imelala katikati, imekingama,
imepigiliwa misumari minne na mtu asiyetaka mzaha.
"Mjinga gani aliweka hii?" anauliza Rauno,
na tochi inaanguka.

Nikakaa juu ya ndoo ya rangi.
Mjinga huyo namjua.
Ilikuwa mwaka wetu wa kwanza humu, ulitaka kabati la vyombo,
ukasema ukuta huu mwembamba hautalibeba,
nikafungua, nikaweka mbao, nikafunga,
na kabati lenyewe hatukulinunua kamwe.
Miaka yote hiyo ukuta umekuwa tayari.

Tundu la tatu, basi. Hilo sikulipanga.
Nikaichonga ile mbao kifuani, upana wa kidole,
nati ikapita, sumaku ya Rauno ikaidaka kule chini,
na waya ukafuata kwa kusitasita
kama mgeni anayetafuta choo gizani.

Kiraka kinaonekana. Nakwambia mapema.
Rangi niliyonunua ni ileile, namba ileile,
ila ukuta umezeeka na kopo halijazeeka.
Saa kumi jua likiingia chini chini
utakiona: mraba mweupe, mdogo kuliko kitabu.

Ijumaa ukarudi.
Fremu yako ya kutembelea ilitangulia, kisha wewe,
kisha mimi na mkoba wako na dawa zako.
Hukuutazama ukuta. Ulisema nyumba inanuka rangi,
na nani amekanyaga zulia.
Nilikuwa na hotuba. Nikaimeza.

Kwenye mlango wa jikoni ukasimama.
Ukainua fremu, ukaiweka mbele.
Ukainua mguu ule mpya, polepole, juu kabisa,
ukauvusha juu ya mbao tupu za sakafu
pale waya ulipokuwa.

Nami nyuma yako, mikono imejaa,
nikauruka pia.